Taratibu na Kadi Iliyochemka

Kwa miaka ishirini na tisa aliendesha lori la mizigo, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Madereva wenzake wakampachika jina la Taratibu, jina likamganda, hata mkewe akawa anamtaja hivyo mbele ya wateja. Alikuwa mtu wa kuzunguka lori na kugonga matairi kwa fimbo hata kama amesimama dakika tano kununua maji. Akiulizwa anatafuta nini, alijibu kwamba bado hajakiona.

Kilichomtoa barabarani hakikuwa ajali. Alikuwa kwenye foleni ya mizani, lori limezimwa, breki ya mkono imevutwa, karatasi za mzigo ziko mkononi, akazimia. Alipozinduka aliona nyuso nne zimemwinamia, na mtu mmoja anampepea kwa zile zile karatasi za mzigo. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama foleni imesogea. Daktari alimpima mara tatu ndani ya miezi miwili, akaandika neno refu kwenye cheti, halafu akalifupisha kwa mdomo: basi. Mtu anayeweza kuzimia bila taarifa hapewi tani thelathini azipeleke popote. Taratibu aliona hoja hiyo ni ya haki. Akashukuru, akarudisha funguo kwa tajiri wake, akaenda nyumbani, akakaa kwenye kiti.

Hapo ndipo matatizo ya mkewe yalipoanza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake: meza kubwa ya kukatia katikati, cherehani mbili dirishani, kamba ya kutundikia nguo zilizokamilika, na mabaki ya vitambaa kila kona. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amezoea kuwa na mume siku nne au tano kwa mwezi, na kwa kiasi hicho walipendana vizuri. Sasa alikuwa naye kila siku, kuanzia asubuhi, ameketi hatua mbili kutoka kwenye cherehani, anamwangalia.

"Unakanyaga pedali kwa nguvu mno," Taratibu alimwambia siku ya tatu. "Utaua mkanda."

Mkewe aliendelea kushona. Siku ya tano akaambiwa kwamba anakata kona kwa kasi. Siku ya saba Taratibu aliinuka, akaizunguka cherehani, akaigonga kwa fimbo. Mkewe akavua kastabini yake ya kidoleni, akaiweka mezani polepole, akatoka nje na simu.

"Mwanangu," alimwambia binti yao mkubwa, "ama uje umchukue baba yako, ama umletee kitu cha kufanya. Nimekupa chaguo kwa sababu nakuheshimu."

Binti huyo alikuwa mpima ardhi. Kazini kwake walikuwa wamempa kompyuta mpya ya kuchorea ramani, na ile ya zamani, kasha jeusi kubwa lenye nguvu za kutosha, ilikuwa inakula vumbi nyumbani kwake. Akaileta Jumapili, pamoja na usukani wa kuchezea unaobanwa mezani na pedali tatu za kuweka sakafuni. Akamwekea baba yake mchezo wa malori. Ndani ya mchezo huo mtu anachukua mzigo mji mmoja na kuupeleka mji mwingine, kwa barabara ndefu zenye mataa, mizani, mvua na polisi, na akifika anautua. Hakuna kingine kinachotokea. Binti alikuwa na wasiwasi kwamba baba yake angeuona ni wa kuchosha.

Taratibu alikaa, akarekebisha kiti, akavuta usukani karibu, akauliza vioo vya pembeni vinarekebishwaje. Kisha akaenda chumbani, akarudi amevaa viatu vya kazi.

Tangu siku hiyo nyumba ilitulia. Kompyuta iliwekwa chini ya meza ya kukatia, kwa sababu Taratibu aliona hapo pana kivuli, na skrini ikawa kwenye kijimeza chake pembeni. Asubuhi alikunywa chai, akamwambia mkewe, "Leo nina saruji, kilomita mia sita," akaondoka bila kuondoka. Hakuvuka mwendo unaoruhusiwa hata mara moja. Mkewe alishona, yeye aliendesha, na saa saba mchana walikula pamoja kama watu wenye kazi zao.

Kisha akapatikana Breki. Huyu alikuwa dereva mwenzake wa siku nyingi, aliyevunjika nyonga kwa kuanguka kutoka juu ya mzigo wake mwenyewe, naye sasa alikuwa amekaa kwa dada yake, mbali, na mashine kama ile. Breki aliwajua wengine wanne, wastaafu wote. Wakakubaliana kwamba kila Jumamosi saa tisa alasiri wataingia kwenye mchezo pamoja kupitia mtandao, malori sita kwa msafara mmoja, huku wakiongea kwa vipaza sauti vya masikioni. Taratibu akachaguliwa kiongozi wa msafara. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa wote walijua kwamba akiwa nyuma hawatafika naye.

Jumamosi kumi na moja zilipita salama. Ya kumi na mbili wakapata mbao za kuvusha mlima.

Njia ile ndani ya mchezo ilipanda katikati ya msitu, miti imesongamana, mvua inanyesha, taa za malori zinamulika matone. Ni mahali pazuri. Walipofika nusu ya mlima, kasha lililokuwa chini ya meza ya kukatia likaanza kunguruma. Feni zake zilipiga kelele mpaka mkewe akasimamisha cherehani kusikiliza ni mashine ipi inayonguruma. Picha zikaanza kukwama, lori linaruka kutoka hapa hadi pale kama linavuka mitaro. Halafu skrini ikawa nyeusi. Kimya.

"Kiongozi," sauti ya Breki ilisikika kwenye simu dakika mbili baadaye, "tumekuona unasimama katikati ya barabara. Halafu ukatoweka."

"Imezimika," alisema Taratibu.

"Wewe au mashine?"

Taratibu alifikiria swali hilo kwa uzito unaostahili. "Mashine," akajibu.

Ilitokea tena Jumamosi iliyofuata, pale pale. Na ile nyingine. Siku za kawaida, kwenye barabara tambarare zenye majani mafupi, mashine ilivumilia. Kwenye msitu, mvua na malori sita ilikata roho. Wenzake hawakumsema. Lakini Jumamosi ya nne alimsikia mmoja wao, aliyedhani kipaza sauti chake kimezimwa, akiuliza kama si bora kiongozi akae nyuma, asije akawafungia njia. Taratibu alivua vile vya masikioni, akavikunja waya vizuri, akaviweka kwenye droo. Hakusema kitu hadi chakula, na kwenye chakula alisema chumvi imetosha.

Mkewe alimjua. Akampigia binti yao, naye binti akampigia baba yake.

"Shikamoo baba. Mama anasema mashine inazima."

"Marahaba. Inazima ikipanda mlima."

"Baba, hakuna mlima. Ni picha ya mlima."

"Sasa mbona inachoka?"

Binti akavuta pumzi, akamweleza. Ndani ya kasha kuna kipande kinachoitwa kadi ya grafiki, na kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana kwenye skrini, upya, mara nyingi kwa kila sekunde moja. Barabara tupu ni rahisi kuchora. Msitu una majani, na kila jani lina mvua, na kila tone lina mwanga wa taa za malori sita. Kadi ikifanya kazi hiyo inapata moto, na moto ukizidi inajizima yenyewe isiungue. Akamwelekeza kuweka programu ndogo inayoonyesha joto la kadi kwenye pembe ya skrini.

Taratibu alielewa kila kitu. Kwa kweli hakuwahi kuelewa jambo la kompyuta vizuri kiasi hicho. "Inachemsha," alimwambia mkewe. "Ingekuwa lori ningesema ni rejeta."

Kesho yake alipanda mlima ule peke yake, jicho moja barabarani, jingine kwenye namba. Sabini na nane. Themanini na nne. Themanini na tisa. Kwenye tisini na tatu picha zikaanza kukwama, na kwenye tisini na tano ikazima. Akaandika namba hizo kwenye daftari, kama alivyoandika mafuta na maili zamani, akaanza kazi.

Alianza na mapumziko. Kila dakika ishirini aliegesha lori pembeni ya barabara, akaacha injini ya mchezo inanguruma bila mzigo, akashuka, yaani akainuka kwenye kiti, akaenda kusimama barazani. Haikusaidia. Lori lililoegeshwa msituni bado liko msituni, na kadi iliendelea kuchora majani yote bila kujali kwamba dereva amekwenda kunyoosha miguu.

Akafungua ubavu wa kasha, kama mtu anavyonyanyua boneti. Joto likashuka hadi themanini na sita. Akafurahi siku mbili. Siku ya tatu likarudi tisini, siku ya tano likapita pale lilipokuwa mwanzo. Hakujua kwa nini.

Ndipo akaliangalia feni la mkewe.

Lilikuwa feni la kusimama, la chuma, lenye kasi tatu, na lilikuwa likimpulizia mkewe mgongoni kila mchana kwa miaka mingi. Mkewe alikuwa ametoka kwenda kununua zipu. Taratibu akalisogeza, akalielekeza kwenye ubavu wa kasha uliokuwa wazi, akaliweka kasi ya tatu, akaanza kupanda mlima. Vipande vyote vya karatasi ya ruwaza vilivyokuwa mezani, mikono, kola, viuno na migongo ya wateja saba tofauti, vikaruka. Taratibu aliviona kwa pembe ya jicho lakini alikuwa kwenye kona kali na hakutaka kuachia usukani. Mkewe aliporudi alikuta kola ya mteja mmoja imekaa kichwani kwa mumewe, na joto liko themanini na nane.

Alizima feni. Akalibeba, akalirudisha mahali pake.

"Feni hili lina kazi," alisema. "Halichezi."

Ilichukua jioni yote kutambua mikono ni ya nani.

Jaribio la mwisho lilikuwa beseni la barafu, aliloliweka mbele ya kasha ili hewa inayoingia iingie baridi. Kwa bahati nzuri alimpigia kwanza binti yake, kumwarifu tu. Binti alipiga kelele kwenye simu mpaka mama yake akamsikia kutoka upande wa pili wa chumba. Unyevu na umeme, baba! Taratibu akaliondoa beseni, akakaa nalo barazani, akayaangalia mabonge yakiyeyuka. Alikuwa amepoza injini kwenye majangwa. Aliwahi kufika mjini na rejeta iliyozibwa kwa sabuni ya kipande. Na sasa kijisanduku kisichokwenda popote kilikuwa kimemshinda.

Asubuhi iliyofuata alikivisha kile kijisanduku mfuko, akakipeleka kwa fundi.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na bisibisi ndogo nyuma ya sikio. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye taa nyeupe na meza iliyofunikwa mpira. Alimsikiliza Taratibu hadi mwisho, daftari la namba likiwa limefunuliwa mbele yake, na hakucheka. Akaliangalia daftari lile mara mbili.

"Baba, wateja wangu wote wangeniletea hili," alisema, "ningekuwa nafunga duka saa nane mchana."

"Naomba nikae nione ukifungua."

"Kaa. Usishike kitu."

Akafungua skrubu, akachomoa kadi. Ilikuwa kubwa kuliko Taratibu alivyodhani, ndefu kama mkate, na feni mbili juu yake. Fundi akatoa feni zile, na chini yake, mahali ambapo palitakiwa paonekane mapezi membamba ya chuma ya kutolea joto, palikuwa na blanketi.

Taratibu aliinama. Lilikuwa blanketi kweli, dogo, nene, limekaa sawasawa. Fundi alilinyanyua kwa kibanio na likatoka zima bila kukatika, kama godoro la mwanasesere. Akaligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa na matabaka. Chini kabisa palikuwa na bluu iliyokolea. Juu yake nyeupe, nyeupe safi, na kitu kinachometameta ndani yake. Halafu kijani. Halafu nyekundu ya maruni, na juu kabisa kijivu kilichochanganyika, tabaka nene kuliko yote, la siku zile ambazo ubavu wa kasha ulikuwa wazi na feni la kasi ya tatu linapuliza.

Mtu aliyekaa karibu na cherehani hata kwa wiki mbili angeelewa. Taratibu alielewa kabla kibanio hakijashuka.

"Hizi ni nyuzi," alisema fundi. "Nyumbani kuna mtu anashona?"

Taratibu akafunga daftari lake la namba. Katika maisha yake hakuwa mtu wa uongo, hata kwa polisi wa barabarani. "Hapana," alisema.

Fundi akabana kile kinachometameta, akakiweka mezani mbele yake. Ilikuwa nakshi ya gauni la bibi harusi, kijiduara cha fedha chenye tundu katikati. Wote wawili wakakitazama.

"Jirani," alisema Taratibu.

"Sawa, baba," alisema fundi, na akaendelea na kazi.

Alimfundisha kila hatua, kwa sababu aliona anafundishika. Vumbi lilitolewa kwa brashi laini na kwa hewa ya kupuliza, huku feni imezuiwa kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa hewa kali inaweza kuharibika. Dawa ya kupitishia joto iliyo kati ya kadi na mapezi yake ilikuwa imekauka kama tope la kiangazi. Akaifuta yote, akaweka mpya, kidogo, kama punje ya dengu. Kasha lisiwekwe sakafuni. Lisisukumwe likagusa ukuta. Nyuma kuachwe shubiri nzima ili hewa ya moto itoke. Ubavu ufungwe, kwa sababu feni za kasha zimepangwa kuvuta hewa mbele na kuitoa nyuma, na ukiufungua unavunja njia ya hewa na kukaribisha vumbi. Mbele, pale inapoingilia hewa, aweke kichujio. Na ndani ya mchezo wenyewe, auambie usichore picha zaidi ya sitini kwa sekunde.

"Kwani ilikuwa inachora ngapi?"

"Kwenye barabara tupu, mia moja na arobaini. Hukuona tofauti. Ilikuwa inakimbia bure."

Jambo hili lilimuuma Taratibu kuliko yote. Miezi mingi alikuwa ameendesha kwa mwendo wa sheria juu ya mashine iliyokuwa ikikimbia bure chini ya meza.

Aliondoka na kasha mkononi na lile blanketi kwenye bahasha, maana aliliomba. Njia nzima alifikiria namna ya kumwambia mkewe, akaona kila namna inaishia pabaya. Kazi ya mkewe ilikuwa imeliendesha jiko la nyumba ile siku zote ambazo yeye hakuwepo, na sasa siku zote alizokuwepo. Mtu hamwambii mtu kama huyo kwamba kazi yake inasumbua mchezo. Akakata kauli hatasema. Atafagia.

Akafagia. Alifagia asubuhi kabla mkewe hajakaa kwenye cherehani, akafagia baada ya chakula cha mchana, akafagia jioni, kwa ufagio uliolowanishwa ili nyuzi zisiruke. Alipangusa meza. Alipangusa miguu ya meza. Kasha akalipandisha juu ya kabati, shubiri nzima kutoka ukutani, akipima kwa mkono wake. Siku ya nne mkewe alisimamisha cherehani.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Mwanamume hafagii mara tatu kwa siku bila kufanya kitu. Sema tu. Ni ugonjwa? Daktari amesema nini?"

"Siumwi."

"Ni mwanamke?"

Taratibu akauegemeza ufagio ukutani. Akaenda kwenye droo, akatoa bahasha, akaiweka mbele yake. Mkewe alichungulia ndani, akalitoa lile blanketi kwa vidole viwili, akaliweka kwenye kiganja, akalisogeza dirishani. Akayahesabu matabaka.

"Hizi ni sare za shule," alisema, akigusa bluu. "Zile mia moja na ishirini. Hii ni ile harusi ya pacha, tulipokesha na nakshi. Hii kijani ni makoti ya wauguzi." Akageuza. "Umelitoa wapi?"

"Kwenye kadi. Ndilo lilikuwa linaichemsha." Akaongeza haraka, "Fundi nilimwambia ni jirani."

Mkewe akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilikuwa kikohozi chake cha kawaida, kikavu, kifupi, kile ambacho nyumba nzima ilikwisha kukizoea kiasi kwamba hakuna aliyekisikia tena. Taratibu akakisikia. Alimtazama mkewe, akaitazama bahasha, akautazama umbali kutoka kwenye cherehani hadi mahali kasha lilipokuwa limekaa. Hatua mbili. Na mkewe alikuwa amekaa karibu zaidi ya hapo, na si kwa miezi kadhaa, kwa miaka ishirini na sita.

"Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Kipi?"

"Hicho."

Mkewe alifikiria. "Sijui. Tangu mwanetu wa mwisho alipoanza shule."

Mwana wao wa mwisho alikuwa ameshamaliza shule, ameoa.

Siku iliyofuata walikwenda hospitali, wote wawili, ingawa mkewe alilalamika njia nzima kwamba ana blauzi mbili za kukabidhi. Walimpiga picha ya kifua, wakampulizisha kwenye mrija, daktari akasema mapafu yana muwasho wa muda mrefu lakini hayajaharibika. Apewe dawa ya kuvuta, avae barakoa akikata, na chumba kipitishe hewa. Taratibu aliuliza hewa ipite kutoka wapi kwenda wapi. Daktari akasema, ipite tu. Taratibu hakuridhika na jibu hilo. Alikuwa amejifunza wiki ile kwamba hewa haipiti tu.

Akalifanyia kazi kwa siku tatu. Dirisha la pili, la ubavuni mwa cherehani, ambalo lilikuwa limezibwa na marobota ya vitambaa tangu wahamie, alilifungua. Juu yake akafunga feni la kutolea hewa, lile la duara la jikoni, likipuliza nje. Mlango wa mbele, mahali hewa inapoingilia, akaweka pazia la wavu. Akawasha kipande cha ubani, akasimama katikati ya chumba kuangalia moshi unakwenda wapi. Ulikwenda juu ya meza ya kukatia, ukapita mbele ya cherehani, ukatoka dirishani. Mkewe naye, bila kuombwa, alipima mdomo wa kasha la kompyuta kwa utepe wake, akakata kipande cha soksi ndefu ya nailoni, akakishona kwenye fremu ya waya na lastiki kingoni, kikavikwa na kuvuliwa kama kofia. Alishona vitatu, viwili vya akiba. Mshono ulikuwa mzuri kuliko ulivyohitajika.

"Kitafuliwa kila Jumatatu," alisema.

"Kila Jumatatu," alisema Taratibu, akaandika kwenye daftari.

Jumamosi alitoa vile vya masikioni kwenye droo. Wenzake walikuwa tayari ndani ya mchezo, wamepakia mabomba ya chuma. Hakuna aliyesema neno kuhusu nani akae mbele. Taratibu aliwaambia yeye atakaa nyuma ya wote, wamwangalie. Kama hakuzima, Jumamosi ijayo watapanga upya. Wakapanda. Mvua, miti, taa za malori matano mbele yake. Sitini na sita. Sabini. Sabini na mbili, ikakaa hapo hapo, na feni za kasha zinavuma kwa sauti ya chini ambayo cherehani iliifunika kabisa. Nyuma yake mkewe alikuwa anakata kitambaa cheusi akiwa na barakoa usoni. Kikohozi hakikuwa kimeisha, lakini mchana ule Taratibu alikihesabu mara mbili tu tangu chakula.

Walifika juu. Huko ndani ya mchezo pana eneo la kuegesha malori, na wote sita wakaegesha.

"Sema umefanya nini," alisema Breki. "Na yangu imeanza kunguruma."

Taratibu akawaeleza. Aliwaeleza kwa dakika arobaini, tangu mapezi ya chuma hadi punje ya dengu, na kwa wanaume waliomjua miaka thelathini ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea sentensi tatu mfululizo. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza ikaonekana kwamba kati yao sita hakuna mwingine aliyewahi kufungua mashine yake, na wawili hawakujua kwamba inafunguka.

"Mimi nafungua sasa hivi," alisema yule aliyewahi kutaka kiongozi akae nyuma. Wakasikia bisibisi, wakasikia bati likiwekwa chini, kisha mguno mmoja.

"Kuna nini?" aliuliza Breki.

"Kuna mjusi."

"Mzima?"

"Mkavu. Lakini yuko kamili." Akasita. "Amekaa pembeni ya feni kama abiria."

Wakashauriana la kufanya. Taratibu alimwambia azime umeme kwanza, achomoe waya ukutani, amtoe mjusi kwa kibanio, asimvute kwa mkia. Wakamsubiri pale juu ya mlima, malori matano yameegeshwa kwenye mvua, injini zikinguruma bila mzigo, namba kwenye pembe ya skrini ya Taratibu ikisoma sabini na moja. Mkewe alivuta barakoa kidevuni, akauliza wanangoja nini.

"Mwenzetu anatoa mjusi kwenye mashine."

Mkewe akalifikiria jambo hilo, mkasi ukiwa hewani.

"Mwambie asimtupe kwanza," alisema. "Aangalie kama hajataga."

Taratibu akaufikisha ujumbe kwa simu.

"Ngoja nitazame," alisema yule dereva.